Kupima Kloraidi ya Jasho kwa Elektrodi: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Mtwara na Lindi

Mama mmoja wa Mikindani alipomleta mtoto wake wa miezi 14 kwa mara ya tatu, akiwa na kifua kilekile na kinyesi kilekile chenye mafuta, alisema jambo ambalo daktari aliliandika kwenye fomu kabla ya lingine lolote: kila akimbusu mtoto kwenye paji la uso, midomo yake hubaki na ladha ya chumvi. Katika pwani ambayo majaruba ya chumvi yako karibu na makazi ya watu, na upepo wa kusi hupuliza kutoka baharini miezi kadhaa ya mwaka, maneno kama hayo ni rahisi kuyapuuza. Lakini chumvi inayozidi kwenye jasho la mtoto ni dalili kuu ya sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu na wa kongosho kuwa mzito, na ambao kwetu hufichika kwa urahisi nyuma ya majina ya nimonia, kifua kikuu na utapiamlo.

Uhusiano wa jasho na ugonjwa huu ulijulikana baada ya joto kali la mwaka 1948 jijini New York, ambapo watoto wenye ugonjwa huo walizidiwa na joto kuliko wengine. Mwaka 1953 Paul di Sant'Agnese na wenzake wakaonyesha kwamba jasho lao lina chumvi nyingi kupita kiasi. Mwaka 1959 Gibson na Cooke walieleza namna ya kuamsha jasho kwa dawa ya pilokapini inayosukumwa ndani ya ngozi kwa umeme mdogo, na njia hiyo ndiyo msingi wa kipimo hadi leo. Viwango vinavyotumika hutazama kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya jasho: chini ya milimoli 30 kwa lita, ugonjwa hauelekei kuwapo; 30 hadi 59, jibu liko katikati na uchunguzi lazima uendelee; 60 na kuendelea, ugonjwa unaelekea kuwapo na kipimo kinapaswa kuthibitishwa.

Ninaandika mwongozo huu kwa wateknolojia wenzangu wanaotaka kuanzisha kipimo hiki, au walio nacho tayari lakini majibu yake hayatulii. Jambo moja nimelishika kuliko mengine yote: elektrodi husoma kwa uaminifu tone linaloifikia, na makosa mengi huwa yamekwisha kuingia kabla tone halijafika. Chukua jasho la mikrolita 20 lenye kloraidi ya milimoli 48 kwa lita. Likipoteza mikrolita 4 za maji kwa sababu kifuniko hakikubana na feni ilikuwa inazunguka, zinabaki mikrolita 16 zenye kloraidi ileile, na elektrodi itasoma 60. Mtoto aliyekuwa katikati amehamishiwa upande wa wagonjwa, na mashine haina kosa lolote.

Kwanza, chagua njia

Neno elektrodi linatumika kwa vitu vitatu tofauti katika kazi hii, na kuvichanganya ndiko chanzo cha kutoelewana kwingi. Kuna elektrodi mbili za kuamsha jasho, ambazo hazipimi chochote. Kuna elektrodi za kupima jinsi jasho linavyopitisha umeme. Na kuna elektrodi teule ya kloraidi, ambayo uso wake una kloraidi ya fedha na hutoa milivolti kulingana na wingi wa kloraidi.

Elektrodi teule ya kloraidi iliwahi kutengenezwa kwa mtindo wa kubandikwa moja kwa moja kwenye ngozi iliyoamshwa jasho, na ilipendwa kwa kuwa ilikuwa ya haraka. Njia hiyo iachwe kabisa. Jasho halikusanywi, halipimwi uzito, huvukiza likiwa bado kwenye ngozi, na huna namna ya kujua kama lilitoka la kutosha. Iliwaita watoto wenye afya wagonjwa, na iliwaacha walio wagonjwa kweli warudi nyumbani. Ukikuta kifaa cha aina hiyo kwenye kabati la maabara yenu, kitoe kwenye huduma.

Njia ya upitishaji umeme inafaa kwa uchunguzi wa awali. Inasoma chumvi zote za jasho kwa pamoja, kwa hiyo namba yake huwa juu ya ile ya kloraidi kwa takriban 15. Mtoto aliyesoma 50 au zaidi kwa njia hiyo apelekwe kwenye kipimo cha kloraidi yenyewe, na namba ya upitishaji isiandikwe kamwe kwenye fomu kana kwamba ni kloraidi.

Njia inayobaki ni kukusanya jasho, kulipima uzito au ujazo, kisha kupima kloraidi ndani yake. Kipimo cha marejeo ni titresheni ya kulometri, ambamo ayoni za fedha huzalishwa kwa umeme na kuhesabiwa zinaposhikana na kloraidi. Elektrodi teule inakubalika ikiwa maabara imethibitisha kwamba majibu yake yanalingana na marejeo hayo, na kwamba inasoma vizuri hadi chini kwenye milimoli 10 kwa lita. Hapa ndipo ninapotahadharisha kuhusu mashine kubwa za kupima chumvi za damu zilizoko katika hospitali za rufaa. Zimetengenezwa kwa ajili ya damu, ambayo kloraidi yake huzunguka kwenye 100, na eneo la 10 hadi 60 ambalo sisi tunalihitaji huenda liko nje ya upeo wake. Usiingize jasho humo mpaka umethibitisha.

Mtoto na siku ya kipimo

Mtoto awe na uzito unaozidi kilo 2, awe amezaliwa baada ya wiki 36 za mimba, na kwa vizuri zaidi awe ametimiza wiki 2, kwa kuwa kabla ya hapo jasho mara nyingi halitoshi. Awe amenyonya au amekunywa vizuri, asiwe na homa kali inayomkausha maji, na ngozi ya mahali pa kipimo isiwe na ukurutu wala kidonda. Kwa upande wetu naongeza jambo moja: familia zinazobangua korosho nyumbani hujua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi, na watoto huguswa nayo. Ngozi iliyobabuka namna hiyo isipitishwe umeme. Tumia mkono mwingine au subiri ipone.

Utapiamlo unahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi, kwa sababu unaharibu kipimo kwa pande mbili zinazopingana. Mtoto aliyekonda sana anaweza kuwa na kloraidi ya juu bila kuwa na sistiki faibrosisi, na mtoto aliyevimba miguu na mikono anaweza kusoma chini ingawa ni mgonjwa. Na watoto wanaoletwa kwetu kwa kipimo hiki ndio haohao walio na uzito mdogo. Nashauri daktari aombwe kwanza amlishe na kumtibu mtoto, uvimbe upungue, ndipo apimwe. Kama hali haisubiri, basi apimwe, jibu liandikwe pamoja na hali yake ya lishe, na kipimo kirudiwe baada ya nafuu.

Kuamsha jasho

Kifaa cha kutoa umeme kitumie betri. Hili halina mjadala, hata siku ambayo umeme wa gridi uko na betri zimeisha. Tumia pilokapini naitreti, kwa kawaida ya asilimia 0.5, wala usitumie ile iliyotengenezwa kama haidrokloraidi, kwa sababu hiyo yenyewe inaleta kloraidi kwenye ngozi unayotaka kuipima.

Osha upande wa ndani wa kigasha kwa maji yaliyokenekwa, kisha kausha. Usipake iodini, kwa sababu ayodaidi huivuruga elektrodi ya kloraidi vibaya kuliko karibu kitu kingine chochote utakachokutana nacho wodini. Usitumie pia maji ya bomba wala ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya bomba hutiwa klorini.

Weka shashi yenye pilokapini chini ya elektrodi chanya, kwa sababu dawa hiyo ina chaji chanya na husukumwa kuelekea ndani. Chini ya elektrodi hasi weka shashi yenye mmumunyo hafifu usio na kloraidi, kama wa potasiamu salfeti. Shashi iwe kubwa kidogo kuliko elektrodi ili chuma kisiguse ngozi popote, na elektrodi zote mbili ziwe kwenye mkono mmoja. Usipitishe umeme kifuani wala kichwani, na usifanye kazi hii kwa mtoto aliyewekewa oksijeni inayotoka wazi. Pandisha umeme polepole, usivuke miliampea 4, na uuache kwa dakika 5.

Kabla ya kuwasha, zungumza na mama. Mimi husema, "Mama, mtoto atasikia kama siafu wadogo wanamtembea, hataumia; mpakate, umwimbie." Mtoto aliyetulia hapapatui elektrodi, na elektrodi isiyopapatuliwa haiunguzi. Akilia ghafla kwa maumivu, zima kwanza, uliza baadaye. Wekundu wa duara utakaobaki ni wa kawaida na huisha.

Kukusanya

Ondoa elektrodi, osha tena ngozi kwa maji yaliyokenekwa, ikaushe kabisa, na uweke karatasi ya chujio isiyo na chumvi juu ya eneo lilelile lililokuwa na pilokapini. Karatasi ishikwe kwa koleo, kamwe isishikwe kwa vidole, na glavu ziwe hazina unga. Funika kwa plastiki inayozidi karatasi pande zote, bana kingo kwa plasta isiyopitisha maji, kisha funga bandeji juu. Zima feni, na funga dirisha linalotazama bahari. Muda ni dakika 30, hauongezwi kwa matumaini kwamba jasho litatosha.

Kiasi kinachotakiwa ni miligramu 75 kwa uchache, na namba hiyo ina sababu. Jasho linapaswa kutoka kwa kasi isiyopungua gramu 1 kwa kila mita ya mraba kwa dakika. Eneo la sentimita 5 kwa 5 kwa dakika 30 linatoa miligramu 75. Jasho linalotoka polepole hupoteza chumvi zaidi njiani kwenye tezi, kwa hiyo jasho haba ni jasho lenye jibu la uongo la chini. Ukitumia kikusanyio cha mrija uliozungushwa, kama Macroduct, kiwango cha chini ni mikrolita 15 kwa muda uleule. Pungufu ya hapo, andika "sampuli haikutosha" na upange siku nyingine. Usichanganye jasho la mikono miwili ili kufikisha uzito, hata mama awe ametoka Newala au Liwale.

Wakati wa kubandua, tazama upande wa ndani wa plastiki. Utaona vitone vidogo vinavyong'aa kama umande. Hayo ni maji yaliyovukiza kutoka kwenye jasho na kuganda juu, na ukiyaacha hapo, kilichobaki kwenye karatasi ni jasho lililokolea. Pangusa vitone hivyo vyote kwa karatasi yenyewe, kwa koleo, ndani ya sekunde chache, kisha iingize karatasi kwenye chupa yake na ufunge.

Chupa hiyo, pamoja na karatasi na kifuniko chake, ilipimwa uzito kabla, kwenye mizani inayosoma miligramu 0.1. Hewa yetu ina unyevu mwingi na karatasi kavu huunyonya, kwa hiyo mimi huwa na chupa ya pili yenye karatasi tupu, ambayo hufunguliwa na kufungwa kwa sekunde zilezile chumbani mle. Ikiongezeka uzito, najua ni kiasi gani cha "jasho" langu ni hewa ya Mtwara.

Uchafuzi nao uhesabiwe kwa macho yaliyo wazi. Punje ya chumvi yenye uzito wa miligramu 0.1 pekee ikiangukia kwenye miligramu 100 za jasho, inaongeza kloraidi ya milimoli 17 kwa lita. Mtoto wa 45 anakuwa wa 62. Maji ya dripu ya chumvi (normal saline) yana kloraidi ya milimoli 154 kwa lita. Jiki inayofutia meza ina kloraidi. Kiganja chako kina jasho lako mwenyewe.

Elektrodi yenyewe

Elektrodi ya kawaida ya maabara haiwezi kuzama kwenye mikrolita 20, hivyo jasho huzimuliwa. Ongeza mililita 5 za maji yaliyokenekwa yenye sodiamu naitreti ya moli 0.1 kwa lita kwenye chupa, funga, tikisa, iache nusu saa na utikise tena. Naitreti inafanya kila chupa iwe na nguvu sawa ya chumvi, ili elektrodi isivutwe huku na huku na tofauti zisizohusu kloraidi. Kizimuo, yaani namba ya kuzidishia usomaji wa elektrodi, kinapatikana kwa kujumlisha mililita 5 na uzito wa jasho kwa gramu, kisha kugawa kwa uzito huo. Kwa jasho la gramu 0.120, kizimuo ni 42.7; elektrodi ikisoma milimoli 1.35 kwa lita, jasho lilikuwa na 57.6.

Miyeyusho ya kulinganishia itengenezwe kwa sodiamu kloraidi safi iliyokaushwa kwenye oveni, kwa sababu chumvi ya kwetu hunywa maji ya hewa na ukiipima ikiwa mbichi unapima na maji. Gramu 5.844 kwenye lita 1 zinatoa milimoli 100. Kutoka hapo tengeneza 20 na 60, na upitishe kila moja katika njia ileile ya mgonjwa: mikrolita 100 kwenye karatasi, chupa, mililita 5, nusu saa. Kwa namna hiyo karatasi ikiwa na kloraidi yake, au ikigoma kuachia yote, utaiona kwenye miyeyusho kabla hujaiona kwa mtoto.

Katika nyuzi joto 25, kloraidi ikiongezeka mara kumi, milivolti hushuka kwa 59.2; katika nyuzi 30, ambazo ndizo za vyumba vyetu mchana, hushuka kwa 60.1. Mimi naikubali elektrodi inayoonyesha mteremko, yaani mshuko huo wa milivolti, wa 54 hadi 60. Ikipungua hapo, naisafisha. Linaloumiza zaidi ni kuhama kwa usomaji: milivolti 1 tu ni asilimia 4 ya jibu, na milivolti 5 zinaweza kuifanya 60 isomeke 49. Kwa sababu hiyo, mwongozo wangu ni huu: soma kutoka hafifu kwenda nzito, koroga kwa kasi moja, weka kipande cha kadibodi kati ya chupa na kikorogeo ili moto wa mota usipande, na rudia myeyusho wa 60 kila baada ya sampuli chache. Myeyusho ukitoka kwenye friji, usubiri ufikie joto la chumba kwanza.

Elektrodi ya rejeo, mwenzake wa elektrodi teule katika kupima milivolti, iwe ya vyumba viwili, na chumba cha nje kijazwe potasiamu naitreti. Ukikijaza potasiamu kloraidi, kama ilivyo desturi kwa elektrodi za pH, kinavuja kloraidi ndani ya chupa ya mgonjwa wakati unaposoma. Niliwahi kutafuta kosa hili kwa siku tatu, nikilaumu maji, karatasi na mizani, kabla ya kusoma lebo ya chupa niliyojazia.

Kisha kuna salfa. Kuanzia Juni wakulima wa mikoa yetu hupulizia mikorosho unga wa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na unga huo husafiri na upepo, hukaa kwenye nguo, kwenye nywele na kwenye ngozi za watoto. Salfa na fedha zikikutana, fedha huwa nyeusi, na uso wa elektrodi yetu una fedha. Msimu huo mkono wa mtoto uoshwe mara mbili, elektrodi ihifadhiwe ndani ya kifuniko chake mbali na dirisha, na uso wake utazamwe kila asubuhi chini ya mwanga. Ukiona weusi, usugue polepole kwa karatasi laini inayokuja na kifaa, uiloweke kwenye myeyusho hafifu wa kloraidi kwa saa moja, ndipo upime mteremko upya.

Kuijaribu njia kabla ya kuitumia, na kila siku baadaye

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, soma myeyusho mmoja wa karibu na 30 na mwingine wa karibu na 60, mara 20 kila mmoja, kwa siku tofauti na wapimaji tofauti. Mtawanyiko ukizidi asilimia 5, njia yako bado haijawa tayari. Gawanya sampuli kadhaa na uzilinganishe na maabara yenye titresheni. Kila siku ya kazi, soma miyeyusho ya udhibiti, ambayo kloraidi yake inajulikana, wa chini na wa juu, na uweke majibu kwenye chati, kwa sababu elektrodi huzeeka taratibu na jicho halioni isipokuwa kwenye mstari unaoinama.

Pima mikono yote miwili ya mtoto, kila mmoja kwa chupa yake. Majibu yakiwa hadi 60, tofauti isizidi 10. Yakiwa juu ya 60, isizidi 15. Tofauti ikizidi, usichukue wastani. Kuna mkono mmoja ambao ulivuja au ulichafuliwa, na hujui ni upi. Jibu lolote linalozidi 160 halitoki kwenye mwili wa binadamu. Limetoka kwenye uvukizi au uchafu, na kipimo kianze upya. Hesabu pia ni watoto wangapi walirudishwa kwa jasho kutotosha: kwa walio zaidi ya miezi 3 wasizidi asilimia 5, na kwa wadogo zaidi wasizidi 10. Wakizidi, tatizo liko kwenye mikono yetu na kwenye kufunga plastiki, na dawa yake ni mtu mmoja au wawili kukifanya kipimo hiki mara kwa mara kuliko kila mtu kukifanya mara moja kwa mwaka.

Kwenye fomu ya majibu andika kloraidi ya kila mkono, uzito wa jasho, muda wa kukusanya, njia iliyotumika, viwango vya kulinganishia, na hali ya lishe ya mtoto siku hiyo. Jibu la 60 au zaidi lirudiwe siku nyingine, au lithibitishwe kwa kipimo cha vinasaba. Anayeagiza kipimo hicho aelezwe kwamba orodha fupi za mabadiliko ya jeni zilizoandaliwa kwa ajili ya Wazungu zinaweza kumkosa mtoto wa Kiafrika, na aulize kama badiliko liitwalo 3120+1G→A, ambalo ndilo linaloonekana zaidi kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini, limo kwenye orodha. Mama apewe tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwa mkono kwenye kadi ya mtoto, na namba ya simu ya maabara, ili akipata nauli siku tofauti na hiyo aweze kupiga kabla ya kupanda gari.